Betri ya gari inayokaa tu: ninavyoitunza ya Roadster yangu hapa Dar

Wenye gari za spoti hapa mjini, wa Roadster, Fairlady, MR-S, STI, zile gari ambazo mtu anaitoa jumapili au sikukuu basi, tukikutana lazima mmoja alalamike betri. Gari ya kazini inayopiga foleni Mwenge asubuhi na jioni betri yake inakula miaka mitatu na zaidi bila shida, hii ya weekend mwaka haujaisha ishalala. Na mtu anasema nimeuziwa feki. Feki zipo, sikatai, ila mara nyingi betri ilikuwa nzuri tu na imeuawa na kukaa. Leo nataka niandike hili kwa kirefu maana ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa nchi za baridi na sisi tunaufuata hivyo hivyo, wakati adui yetu sisi ni joto.

Gari yangu ni Mazda Roadster, wenzetu wa nje wanaiita MX-5, ya kizazi cha pili, ile NB iliyotengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005. Siendi nayo kazini, haina nafasi ya kubeba kitu na foleni zetu zinaichosha klachi, kwa hiyo kuna wiki inakaa tu chini ya turubai. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nayaishi.

Tuanze na kinachotokea ndani. Betri ya kawaida ya gari ni risasi na asidi, kitu kile kile alichokibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ndani kuna seli sita na kila seli inatoa volti 2.1 hivi, ndo maana betri iliyojaa inasoma 12.6 mpaka 12.7 na sio 12 kamili kama wengi wanavyodhani. Ukitumia umeme, bamba zile za ndani zinafunikwa na salfeti ya risasi, ukichaji salfeti inarudi kwenye asidi, na mchezo unaendelea hivyo miaka. Tatizo ni pale unapoiacha betri ikiwa nusu kwa wiki na wiki. Ile salfeti ambayo ilikuwa laini inaanza kuganda, inakuwa fuwele ngumu ambazo ukichaji hazirudi tena, na kila sehemu ya bamba iliyogandiwa ni sehemu imekufa. Kwa hiyo betri ya 32 Ah (ampia-saa, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaubeba) inabaki na uwezo wa 20, baadae 15, mita inasoma volti nzuri ila ukipiga stata inalia tik tik tik. Elewa hapo kwanza: kukaa ikiwa imejaa haiiumizi sana betri, kukaa ikiwa nusu ndo kunaiua.

Sasa nini kinaipunguza wakati gari imezimwa? Mambo mawili. La kwanza ni betri yenyewe kujimaliza ndani kwa ndani hata kama umeitoa umeiweka juu ya meza. Hii ni kemia, na kemia inapenda joto, joto likipanda nyuzi 10 hivi kasi ya kujimaliza inakuwa kama mara mbili. Wenzetu wa Uingereza na Marekani wanafungia gari zao wakati wa baridi, novemba mpaka machi, kule gereji iko nyuzi 5, betri iliyochajiwa vizuri na kutolewa waya inaweza kukaa miezi bila neno, hofu yao wao ni betri isiyo na chaji kuganda barafu. Sisi kuanzia disemba mpaka machi hapa Dar kivulini tu ni nyuzi 31, 32, ndani ya buti lililofungwa, ambamo ndo betri ya Roadster inakaa, na gari iko juani ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukisoma mahali "chaji kila baada ya miezi mitatu" ujue huyo aliyeandika anaishi kwenye baridi, we kata huo muda. Mi kwangu gari ikikaa wiki mbili bila kutoka lazima ipate chaja.

Hata namba wanazohangaika nazo kwenye betri ni za kwao. Ile CCA ni nguvu ya kuwasha injini kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, mkazi wa Mbezi au Tanga inamsaidia nini? Sisi tuangalie Ah, tuangalie tarehe iliyotengenezwa, na tuangalie betri inakaa wapi kwenye gari, mbali na joto la injini au la.

Jambo la pili ni vile vitu vinavyonyonya umeme gari ikiwa imezimwa. Saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini, hivyo vya kiwandani kwenye gari ya umri huu ni kidogo tu. Shida inaanza na vya kuongeza, alamu iliyofungwa Kariakoo, traka ambayo inatuma lokesheni usiku kucha, redio ya android ambayo haizimi vizuri. Piga hesabu: kitu kinachonyonya miliampia 30 tu, ambacho hata taa ndogo haiwashi, kwa siku kinakula 0.72 Ah. Betri ya Roadster iko kwenye 32 Ah hivi, kwa hiyo wiki tatu na siku kidogo ishafika nusu, na hapo hujahesabu ile ya kujimaliza yenyewe kwa joto. Ukiongeza traka ya miliampia 40 juu yake unaongelea siku tisa au kumi. Ndo maana mtu anasafiri kwenda Mwanza kumsalimia mama, anarudi gari haifungui hata milango.

Kupima hili huhitaji fundi, unahitaji maltimita ya bei ya kawaida tu na uvumilivu. Fungua waya wa hasi kwenye betri, weka mita katikati, ncha moja kwenye kichwa cha betri nyingine kwenye ule waya ulioutoa, mita iwe kwenye tundu la ampia 10. Milango imefungwa, ufunguo mfukoni, na kama buti au dashibodi ina taa inayowaka ikifunguliwa, toa balbu kwanza la sivyo utapima taa. Kwenye gari mpya subiri kama nusu saa maana kompyuta zake zinachelewa kulala. Halafu soma. Ikiwa chini ya miliampia 50 wengi wanasema ni sawa, kwa gari ya kila siku ni sawa kweli, ila kwa gari inayokaa mi nataka chini ya 30. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja huku unaangalia mita, namba ikishuka ghafla ushampata mwizi. Na usithubutu kupiga stata mita ikiwa pale katikati, stata inavuta ampia mia na zaidi, utaunguza mita na pengine vidole.

Haya, sasa ile dawa ambayo kila mtu anaijua: "mimi naiwasha kila jumamosi dakika kumi naiacha inaunguruma". Naomba niongee hapa kwa sababu wengi wenye mapenzi na gari zao wanafanya hivi na wanaziumiza. Altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, kwenye sailensa, yaani gari imesimama inaunguruma tu, haitoi nguvu yake yote, inatoa sehemu tu, na hapo feni inazunguka, pampu ya mafuta inakula, labda na redio iko juu. Kinachobaki kwenda kwenye betri ni kidogo, na betri yenyewe haipokei haraka, asilimia 20 za mwisho zinaingia polepole mno, ni masaa. Kwa hiyo kila jumamosi unailipa deni kidogo na katikati ya wiki inakopa zaidi. Zaidi ya hapo injini haijafika joto lake, maji yanayotokana na kuungua kwa petroli yanabaki kwenye oili na kwenye ekzosti, plagi zinachafuka. Ukiiwasha, itoe. Mi nikitoka nayo natafuta njia ndefu, napita barabara ya Bagamoyo mapema kabla magari hayajawa mengi, Tegeta, Bunju, Mapinga, nikifika Bagamoyo nakunywa chai narudi, paa liko wazi. Hiyo ni safari ya kuchaji betri, na hata matairi yanakushukuru maana nayo yakisimama sehemu moja muda mrefu yanapata bapa.

Ila ukweli ni kwamba hata safari nzuri haifikii chaja. Chaja ninayoisema ni ile ya kisasa yenye akili, sio lile sanduku la chuma la transfoma linalonguruma kwenye kibanda cha kuchaji betri ambalo linasukuma tu umeme mpaka mtu akumbuke kuzima. Chaja nzuri inasukuma mpaka volti 14.4 hivi, inashikilia hapo huku ampia zikipungua zenyewe, kisha inashuka kwenye 13.6 hivi na kubaki hapo kuishika betri isianguke. CTEK ya Uswidi ndo inajulikana sana kwa wenye gari za aina hii, zipo na nyingine, jina sio hoja, hoja ni vitu vitatu. Iwe na hatua hizo. Iwe na mpangilio wa AGM kama betri yako ni AGM, zile ambazo asidi yake haimwagiki. Na hiki ambacho wenzetu hawakiandiki kwa sababu hakiwahusu: umeme ukikatika na kurudi, iendelee yenyewe bila mtu kubonyeza kitufe. Kuna chaja ambazo umeme ukirudi zinakaa tu zinapepesa taa zinakusubiri, na wewe uko safarini unajua gari iko kwenye chaji. Kabla hujalipa dukani iwashe, chomoa kwenye soketi, chomeka tena, uone inafanya nini.

Ampia ngapi? Betri ndogo kama hii chaja ya ampia 4 au 5 inatosha sana, ikiwa nusu itachukua usiku kucha kujaa vizuri na hakuna haraka. Kwangu nimefunga ule waya wa kudumu wenye vijicho viwili vilivyobanwa kwenye vichwa vya betri na fyuzi yake, ncha inatokeza pembeni mwa mpira wa buti, nikirudi nyumbani nachomeka tu kama simu, sifungui hata buti.

Wasio na soketi kwenye parking, wale wa maghorofa au wanaopaki kwa ndugu, kuna njia mbili. Ya kwanza paneli ndogo ya sola, wati 10 mpaka 20, lakini lazima iwe na kontrola katikati ya kudhibiti chaji, paneli peke yake juani inapanda mpaka volti 20 na kitu na betri iliyojaa itachemshwa taratibu mpaka ikauke. Sola tunayo, jua tunalo, hii njia naona haitumiki inavyostahili. Ya pili ni swichi ya kukata betri, inafungwa kwenye waya wa hasi, ukipaki unazungusha kidogo tu na kila kinachonyonya kimekufa. Hasara yake alamu na traka navyo vinalala, saa inaanza upya, na kompyuta inasahau namna ilivyojifunza kushika sailensa. Na kumbuka swichi inazuia vifaa kunyonya umeme tu, ile ya betri kujimaliza kwa joto iko pale pale, kwa hiyo chaji bado inahitajika ila kwa nafasi.

Vichwa vya betri navyo. Ukiona ule unga mweupe wa kijani kijani umeota, hiyo ni asidi inatoka na kula chuma, na ule unga unazuia umeme kupita. Watu wanamwagia soda ya kola, kweli inatoa, ila inaacha sukari inayonata na kuvuta vumbi. Maji ya vuguvugu na baking soda kijiko, piga brashi ya meno ya zamani, utaona inatoa povu, povu likiisha asidi imeisha, suuza, kausha, kaza, paka mafuta ya mgando juu. Hapa pwani na chumvi yetu ya hewani hiyo kazi inarudi mara kwa mara, ifanye kila ukisafisha gari.

Kama betri yako ni ya maji, fungua vifuniko uangalie maji yako juu ya bamba, ongeza maji ya betri yale ya dukani na sio ya bomba wala ya kunywa, na usiongeze asidi, kinachopungua ni maji tu.

Tuje kwenye kubadilisha, na hapa ndo Roadster ina mambo yake. Betri yake haiko chini ya boneti. Fungua buti, nyanyua kapeti upande wa kulia, ndo unaikuta imelala pale chini. Mazda waliiweka kule ili uzito wa mbele na wa nyuma ukaribiane, na kwa bahati nzuri kwetu ikawa mbali na joto la injini, ndo maana betri ya kiwandani ya Panasonic iliyokuja na hizi gari kutoka Japani ilisifika kwa kudumu. Lakini buti ni chumba kilichofungwa. Betri yoyote ya risasi ikichajiwa inaweza kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja, na mvuke wa asidi. Kwa hiyo walitumia betri ndogo ya AGM, ambayo asidi yake imenywewa kwenye vitambaa vya nyuzi za kioo haimwagiki, na bado wakaiwekea njia ya kutolea hewa, vimpira vyembamba vinachomekwa ubavuni mwa betri na kushuka mpaka nje kupitia tundu la sakafu ya buti. Vimpira vile ni vyepesi, vina upana kama wa mrija wa soda, na nimeziona Roadster kadhaa ambazo vimpira vimebaki vinaning'inia havijachomekwa popote, kwa sababu betri iliyowekwa haina tundu la kuvichomeka. Ukishika sakafu pale chini unakuta rangi imebabuka, kutu imeshaanza kazi. Bati la gari ya namna hii kulipata ni kazi, linauma roho kuliwa na mvuke.

Fundi mmoja wa umeme wa magari, kijana mzuri na mkono wake safi, alinishauri siku ile nabadilisha.

"Bosi tukupigie N50 hapa, hutosumbuka tena na mambo ya betri ndogo ndogo."

"Fundi wangu, N50 ina urefu wa sentimita 26, hapo itakaa wapi? Na hewa yake itatokea wapi?"

Akainama, akaangalia ule mpira, akauvuta, akachungulia chini ya gari unakotokea. "Kumbe hii inapumulia nje. Basi hapa tutafute inayochomekwa."

Tangu hapo wakimletea Roadster anaangalia mpira kwanza. Nimefurahi sana kwa hilo.

Kusoma namba za betri za Kijapani ni muhimu maana ndo zimejaa kwenye maduka yetu. Chukua 46B24L. 46 ni kiwango cha nguvu, ikipanda nguvu imepanda. B ni ukubwa wa umbo, upana na kimo. 24 ni urefu kwa sentimita. L ni upande vichwa vilipo, na hapa usikosee, ukichukua R badala ya L waya hazifiki au utazivuta mpaka zikatike, na mbaya zaidi mtu anageuza betri ili zifike anajikuta kaunganisha chanya kwenye hasi. Ukiona na S mwishoni, 46B24LS, maana yake vichwa ni vinene, zile zisizo na S ni vyembamba, na kichwa chembamba kwenye kibanio kipana kitacheza hata ukaze vipi. Pima sehemu ya betri kwa futi kabla ya kutoka nyumbani, piga picha vichwa vilivyokaa, nenda na hiyo picha dukani.

Kosa lingine la kukwepa ni kushawishiwa betri ya sola. Maduka mengi yanauza zote na kwa macho zinafanana, lakini ya sola ina bamba nene chache za kutoa umeme kidogo kidogo muda mrefu, ya gari ina bamba nyembamba nyingi za kutoa umeme mwingi sekunde mbili tatu. Kila moja kwenye kazi ya mwenzake inakufa mapema.

Dukani nilienda na mita yangu mfukoni na ninakushauri ufanye hivyo, muuzaji mkweli hawezi kukasirika. Yule dada akanitolea betri safi, nailoni iko juu.

"Kaka hii mpya, imeingia wiki iliyopita."

"Sawa dada, imeingia wiki iliyopita ila imetengenezwa lini? Naomba niipime."

Ikasoma 12.3. Betri ya 12.3 ishashuka mpaka kama asilimia 60, imekaa stoo kwenye joto muda mrefu na ile salfeti niliyoisema ishaanza kuganda ndani, ni mpya kwa jina. Tukaangalia muhuri wa tarehe tukakuta ina mwaka na zaidi. Wala hakubisha, akaingia ndani akarudi na nyingine, hiyo ikasoma 12.8, ni AGM na AGM ikijaa inasoma juu kidogo ya ile ya maji, nikalipa. Chini ya 12.5 usiichukue hata kwa punguzo.

Kufunga: spana namba kumi ndo kazi yote. Hasi inatoka kwanza na inarudi mwisho. Sababu ni kwamba bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi, sasa ukianza na chanya spana ikagusa bati la buti, na mule ndani ni finyu itagusa tu, unapiga shoti ya ampia mamia, spana inaweza kuganda pale ikawa nyekundu. Ukianza na hasi, spana ikigusa bati hakuna kinachotokea. Kisha toa chanya, fungua kile chuma kinachoibana, chomoa vimpira, nyanyua. Ikiwa nje safisha sakafu na yale maji ya baking soda, kama kuna kutu piga msasa paka rangi muda huo huo. Pulizia vimpira kwa mdomo uone hewa inatoka chini, tope huwa linaziba. Weka mpya, chomeka vimpira, banisha isitikisike, chanya, kisha hasi. Halafu kabla hujapiga stata iweke kwenye chaja mpaka ijae, hata kama ni mpya.

Ukiwasha, sailensa inaweza kupanda na kushuka kidogo kwa sababu kompyuta imesahau, iache ichemke mpaka joto lake la kawaida bila AC wala taa, kisha itembeze, itatulia yenyewe. Kwa wenye Fairlady Z33, milango yenu haina fremu na kioo kinashuka kidogo mlango ukifunguka, kwa hiyo betri ikiwa imekufa kioo hakishuki, fungua kwa taratibu usikivunje, na ukiirudisha kioo cha otomatiki kinahitaji kusetiwa upya. Na wenye Porsche 911 ya 997, ile ya 2004 mpaka 2012, nyie mna mtihani wenu, betri iko mbele chini ya kifuniko na kifuniko kinafunguka kwa umeme, betri ikifa huwezi kuifikia betri. Watengenezaji wameweka kijichuma cha kuvuta kwenye boksi la fyuzi ndani ya gari, unaweka chanya ya betri ya nje pale na hasi kwenye chuma cha gari, ndo unafungua. Jifunze hilo gari ikiwa nzima. Roadster yetu buti linafunguka kwa ufunguo, namshukuru aliyeamua hivyo pale Hiroshima.

Naulizwa pia kuhusu za lithiamu. Porsche walizitangaza kama nyongeza kwa 911 GT3 mwishoni mwa 2009, chini ya kilo 6 wakati ile ya risasi ilikuwa 16, na wao wenyewe walikuwa wanakupa na ya kawaida juu yake. Zinajimaliza polepole sana na hilo ni zuri kwa gari inayokaa. Ila zinataka chaja yake, chaja ya kawaida yenye ule mpango wa kuondoa salfeti inaweza kuziharibu, na bei yake kwa hapa kwetu mi naona AGM nzuri pamoja na chaja nzuri unabaki na chenji.

Ikitokea imelala na unabusti kutoka gari nyingine, hasi ya mwisho ibane kwenye chuma cha gari mbali na betri, maana cheche huwa inatokea pale unapounganisha mwisho na betri ndo ina haidrojeni. Kusukuma kwenye gia mbili inawezekana kama betri ina uhai kidogo, ikiwa imekufa kabisa sindano za mafuta na kompyuta hazina umeme mtasukuma mpaka Bunju. Na ikiwaka usiiachie altaneta kazi ya kuijaza betri iliyoisha chaji, altaneta itafanya kazi kwa nguvu yake yote na kuchemka, rudi nyumbani weka chaja.

Ya zamani usiitupe wala usimpe mpita njia wa vyuma chakavu. Ndani kuna risasi kwa kilo na asidi, na risasi ikiyeyushwa mtaani inaingia kwenye damu za watoto. Mombasa pale Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri katikati ya makazi ya watu, mwanaharakati Phyllis Omido alipambana nacho mpaka kikafungwa 2014, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Maduka makubwa ya betri yanapokea ya zamani na kukata kidogo kwenye bei ya mpya, uliza kabla hujalipa. Ukiipeleka iwe imesimama wima kwenye beseni la plastiki, vichwa umeviziba kwa tepu, na kama ni ya maji vifuniko umevikaza, isije ikamwaga asidi kwenye kapeti njiani.